Mangina: Parefeu ya Windows inatosha, faranga zinunue mega

Kila mara kompyuta ya okazo inapofika Mangina kutoka Butembo, swali lile lile linarudi kwenye sekretaria za kando ya barabara: iachwe na parefeu ya Windows iliyokuja nayo, ao iwekewe nyingine? Jibu la mafundi wengi linajulikana. «Papa, hii ya Windows ni ya bure, haina nguvu. Leta dola kidogo nikutilie ya kweli.» Papa anatoa dola, fundi anachomeka flashi, na baada ya muda mfupi kuna alama mpya ya ngao pale chini kwenye kioo.

Mara nyingi dola hizo zimepotea. Wakati mwingine mashini inabaki na ulinzi mdogo kuliko ule iliyokuja nao.

Parefeu inafanya kazi ya baryere. Mtu anayesafiri kati ya Beni na Mangina anaijua kazi hiyo: unatoka wapi, unakwenda wapi, nani amekutuma. Parefeu ya Windows inauliza hivyo kila kitu kinachotaka kuingia kutoka intaneti ao kutoka mashini ya jirani, na kama mwenye mashini hakukiita wala hakukiruhusu, kinarudishwa. Kinachotoka, kwa kawaida inakiacha kipite. Parefeu nyingi za kununua zinasimamisha na kinachotoka pia. Tofauti kubwa iko hapo. Kwenye kuzuia kinachoingia, ya bure haina cha kuonea haya.

Sifa yake mbaya ni ya zamani. Windows XP ilipotoka mwaka 2001 ilikuwa na parefeu, lakini imezimwa, na watu wengi hawakujua kama iko. Agosti 2003 virusi Blaster ikaingia kwenye mashini duniani kote bila mtu kubonyeza chochote. Mwaka mmoja baadaye, Agosti 2004, Microsoft ikatoa Service Pack 2 na parefeu ikawa inawaka yenyewe. Kabla ya hapo, kutafuta ZoneAlarm ao nyingine kama hiyo ilikuwa akili. Fundi anayesema maneno ya 2003 leo anauza dawa ya ugonjwa uliokwisha kupata chanjo.

Kisha kuna hiyo programu yenyewe inayotoka kwenye flashi. Mara nyingi ni krake, yaani imevunjwa kufuli ili isiombe malipo. Nani aliivunja, na aliongeza nini ndani yake? Programu ya ulinzi inapewa mamlaka makubwa kuliko karibu programu nyingine zote kwenye mashini. Kuichukua kwa mtu asiyejulikana ni kumkabidhi mgeni baryere yote na bunduki juu yake. Hata ile ya halali ina shida: ikiingia, parefeu ya Windows inampisha. Muda wa majaribio ao wa malipo ukiisha, nyingine zinalala, na mwenye mashini anaendelea kuona ngao yake pale chini akifikiri analindwa.

Kwa Mangina hili si jambo la wapenda kompyuta peke yao. Tarehe 1 Agosti 2018 ndipo ilipotangazwa Ebola iliyoanzia hapa, ikaua watu zaidi ya 2,200 kabla ya kutangazwa imekwisha Juni 2020. Wakaaji wanajua jina la mtu kwenye liste ya wagonjwa ao ya waliogusana na mgonjwa lina uzito gani, na linavyoweza kuifuata familia hadi sokoni. Liste za namna hiyo leo zinaandikwa kwenye kompyuta. Wanunuzi wa kakao nao wana zao: majina ya wakulima, kilo, madeni. Sheria ya Ulaya ya mwaka 2023 juu ya ukataji wa misitu inataka kakao iambatane na alama za mahali shamba lilipo. Katika eneo ambako ADF wanaua wakulima mashambani, faili yenye jina la mkulima na njia ya kufika shambani kwake haiwezi kuachwa ovyo.

Sasa, faili hiyo inatoka kwa njia gani? Njia ya kwanza ni flashi, na hapo hakuna parefeu itakayosaidia, iwe ya bure ao ya dola mia. Baryere inaangalia barabara. Flashi inaingia kwa dirisha. Conficker, iliyoanza mwaka 2008, ilipita kwa mtandao na kwa flashi vilevile. Kwenye sekretaria ambako flashi ya mwanafunzi, ya mwalimu na ya muuguzi zinapita asubuhi moja kwenye mashini moja, anayehitajika ni antivirisi, na Windows 10 na 11 zinayo tayari.

Njia ya pili ni kugawana intaneti. Modemu moja ao simu moja inalisha mashini ya sekretaria na laptopu za wateja waliokuja kutuma barua. Windows inapouliza kama mtandao huo ni wa «public» ao «privé», wengi wanabonyeza «privé» kwa sababu simu ni yao. Hapana. Kwenye «privé», mashini inaweza kuonekana na wengine waliounganishwa, na faili zilizowekwa za kugawana zinaweza kufikiwa. Sekretaria ni sokoni, ibonyezwe «public».

Njia ya tatu ni mashini isiyopata marekebisho. Mei 2017 virusi WannaCry ilifunga faili kwenye mashini za inchi nyingi, hospitali za Uingereza zikiwamo. Dawa yake Microsoft ilikuwa imekwisha kuitoa Machi, miezi miwili mbele. Walioumia zaidi ni wale ambao hawakuiweka.

Na hapa ndipo parefeu ya kununua ina hoja moja ya kweli. Hoja hiyo ni mega. Inaonyesha programu gani inakula forfe kimyakimya na inaifunga. Mtu anayenunua intaneti kidogokidogo kwa Airtel, Vodacom ao Orange hawezi kudharau hilo. Lakini Windows ina ukurasa wake unaoonyesha kila programu imekula mega ngapi, na ina «connexion limitée» inayopunguza ulaji huo. Ubaya wake ni kwamba marekebisho mengi nayo yanangoja. Wanaoiwasha na kuisahau wanaokoa mega na kuacha dirisha wazi mwaka mzima.

Microsoft inatoa marekebisho ya usalama Jumanne ya pili ya kila mwezi. Baada ya siku hiyo, dola iliyokuwa iende kwenye krake inunue forfe, «connexion limitée» izimwe, mashini iachwe na umeme mpaka imalize, kisha iwashwe tena. Wenye Windows 10 wana kazi ya ziada: tangu tarehe 14 Oktoba 2025 haihudumiwi tena kwa kawaida, na anayetaka kuendelea kupokea marekebisho lazima ajiandikishe kwenye mpango wa nyongeza. Wachache wanaotumia Ubuntu waangalie pia: parefeu yake iko ndani lakini inakuja imezimwa.

Ofisi kubwa yenye mashini nyingi na mtu wa informatiki anayelipwa inaweza kununua kitu kingine, kwa leseni yake. Sekretaria ya mashini mbili haina haja.

Mafundi nao wanahitaji kula. Basi walipwe kwa kazi hii: kuja mara moja kwa mwezi, kuona kama parefeu inawaka, kuondoa krake za zamani, kusafisha flashi za duka, na kukaa hapo mpaka marekebisho yaishe kuingia. Inachukua saa nyingi kuliko kuchomeka flashi moja, kwa hiyo bei yake iwe juu.