Mwanza si Jiwe Moja

Wako wasafiri wa pwani ambao, wakishuka katika stendi ya Nyegezi, huuliza jambo moja tu: njia ya kwenda kwenye Jiwe la Bismarck. Hupiga picha ufukoni, hula sato, kisha hurejea makwao wakinena kwamba Mwanza ni mji wa mawe usio na historia. Kwao historia ni milango ya nakshi ya Unguja, magofu ya Kilwa na vichochoro vya Lamu. Yaliyosalia ni bara.

Kauli hiyo haina mashiko. Jiwe lenyewe limebandikwa jina la kansela wa Ujerumani ambaye hakupata kutia mguu ziwani. Ziwa nalo lilipewa jina la malkia wa Uingereza na John Speke, aliyelitazama kutoka vilima vya Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, ilhali wenyeji walikuwa wakiliita Nyanza. Katika safari ile alifuatana na Sidi Mubarak Bombay. Na Stanley alipowasili Kageye mwaka 1875, alimkuta Songoro, mfanyabiashara kutoka pwani. Nyayo za pwani, basi, zimo katika mchanga wa ziwa. Zilibeba lugha, zilibeba pia pembe na watumwa. Hiyo ni sababu kubwa zaidi ya kuzitazama, wala si ya kuzipa kisogo.

Watasema: mgeni huonyeshwa kinachoonekana. Lakini mlango wa Unguja nao ni mbao na misumari tu kwa asiyesimuliwa.

Mpenzi wa ushairi khasa hana udhuru. Huko Bujora, Kisesa, kando ya barabara ya Musoma, ipo Makumbusho ya Wasukuma iliyoasisiwa na Padre David Clement kutoka Kanada. Huko, katika sikukuu za Bulabo, Wagalu na Wagika, warithi wa Gumha na Ngika, hushindana kwa ngoma na nyimbo kwa wakati mmoja, na ushindi ni wa upande uvutao umati mkubwa zaidi. Aliyelelewa katika malumbano ya washairi na mashindano ya taarabu angejiona yuko kwao.

Kisha kuna Ukerewe, kisiwa kwa wanavisiwa. Ndiko Aniceti Kitereza alikomaliza mwaka 1945 riwaya yake ya Kikerewe ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Ilitoka kwa Kiswahili mwaka 1980. Mwaka uliofuata mwandishi akafariki. Wangapi miongoni mwa wanaoshuka Nyegezi huvuka maji kwa ajili yake?

Wenyeji nao wana sehemu yao ya lawama. Mawakala wengi huifanya Mwanza kituo cha kulala usiku mmoja kabla ya Serengeti. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Mwenyeji huyu haponi kwa kuuza picha ya jiwe lenye jina la mtawala wa kigeni.

Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino kipo Malimbe, jirani na Nyegezi, na waandishi wa habari hufunzwa humo. Vijana hao waandike majina ya vilima na vijiji kama wazee wayatamkavyo. Kitabu cha Kitereza kiuzwe stendi, kando ya maji ya chupa na karanga. Na msafiri wa pwani, kabla ya kuuliza njia ya kwenda kwenye jiwe, aulize njia ya Bujora na saa ya kuondoka kwa meli ya Nansio.