Pepo Gani Huyu Anayekuja na Mitihani?

Jumapili iliyopita mhubiri mmoja alitangaza madhabahuni kwamba wasichana wanaoanguka mabwenini wametumiwa mapepo, na dawa yake ni mkesha. Waumini wakaitikia amina. Mimi ilinishinda.

Ilinishinda kwa sababu mpwa wangu alianguka bwenini wiki moja kabla ya mtihani wa kidato cha nne. Alihema kama mtu aliyekimbizwa, midomo ikafa ganzi, vidole vikakunjamana. Wenzake na walimu wakamzingira, wakamkandamiza mikono na miguu, wakakemea hadi usiku wa manane. Kila walivyopaza sauti ndivyo alivyozidi kuhema.

Wenye mapepo yao hung'ang'ania vidole: eti binadamu hawezi kukunja vidole vile. Hata vya mhubiri vingekunjamana! Anayehema kupita kiasi kwa hofu hutoa hewa ukaa nyingi kuliko mwili unavyoizalisha. Damu hubadilika, kalsiamu inayotuliza neva hupungua nguvu, misuli hukaza. Mishipa ya ubongo nayo husinyaa, ndipo kizunguzungu kinapoingia. Pepo wa kweli angesubiri mitihani? Mbona likizo hana habari?

Wala si jambo jipya wanafunzi kuzidiwa hivi. Mwaka 1962, shuleni Kashasha karibu na Bukoba, wasichana 95 kati ya 159 walishikwa na kicheko na kilio kisichozuilika, shule ikafungwa. Madaktari walipima, hawakukuta sumu wala ugonjwa wa mwilini. Leo, zaidi ya miaka 60 baadaye, bado tunamtafuta mchawi.

Kinga ipo, na haihitaji mkesha; mkesha wenyewe unamnyima mtoto usingizi anaouhitaji. Alale, ale, asitishwe kwa viboko na matokeo. Afundishwe mapema, akiwa ametulia, kupumua kwa pua taratibu, kutoa pumzi kukiwa kurefu kuliko kuvuta. Apate mwalimu wa ushauri nasaha mwenye chumba na muda. Kila muhula tunachangishwa, mara geti, mara mahafali. Chumba cha kumsikiliza mtoto hakijawahi kuchangiwa hata shilingi.

Mzazi, ukipigiwa simu kwamba binti yako ameanguka, usiulize nani kamroga. Waambie watu wampishe, mmoja tu akae naye, apumue naye polepole. Kisha apelekwe hospitali, maana pumu, nimonia, malaria kali na kisukari pia humfanya mtu aheme hivyo, na hakuna hata ugonjwa mmoja kati ya hayo unaokemewa ukatoka.