Urafiki Hauletwi kwa Waraka

Wapo wenzetu washikao kwamba sinema za Kisovieti juu ya maofisa wa majini ziliwafundisha watu wajibu kwa sababu zilisafishwa upuuzi wa starehe na usuhuba. Sisi hatukubali, na mfano mmoja watosha.

Katika "Potemkin" ya Sergei Eisenstein, mwaka 1925, ofisa ni adui; udugu ni wa mabaharia walioletewa nyama yenye mabuu. Vita na Wajerumani vikageuza mambo. Mwaka 1943 maofisa walirudishiwa kanda za mabegani, na mwaka 1944 ikaanzishwa nishani ya Nakhimov, amiri wa zama za wafalme. Vsevolod Pudovkin naye akatengeneza sinema juu yake. Tarehe 4 Septemba 1946 Kamati Kuu ya Chama ikaikemea: dansi zimezidi, historia imepungua, hata kutekwa kwa maamiri wa Kituruki huko Sinop hakukuonyeshwa. Pudovkin akaitengeneza upya, na mwaka 1947 ikapewa Tuzo ya Stalin.

Sisi tulioshika ushairi kwa mkono mmoja na majalada ya serikali kwa mkono wa pili twaijua sauti ya waraka wa namna hiyo. Hatusemi yote yalikuwa ya bure. Habari za Sinop hazikustahili kuachwa. Lakini dansi ilikosa nini? Watu hushibana nchi kavu, katika mzaha na kicheko, kabla bahari haijawajaribu. Ukiviondoa hivyo, wabaki wanaume wawili wenye vifungo vya dhahabu wakipeana amri. Mtazamaji atajuaje kwamba wapendana? Na asipojua, kifo cha mmoja wao kitamwuma vipi?

Wenzetu hao waisome historia yenyewe. Nakhimov, Kornilov na Istomin walikuwa pamoja katika merikebu "Azov" vitani Navarino mwaka 1827, nahodha wao Lazarev. Nakhimov alimzidi Kornilov miaka minne, lakini Sevastopol ilipozingirwa mwaka 1854 alikubali kuwa chini yake, bila kinyongo. Kornilov akauawa Oktoba ile ile. Machi 1855 akauawa Istomin. Nakhimov alikuwa amejiwekea kaburi kando ya Lazarev, mwalimu wao. Akampa Istomin nafasi hiyo. Julai risasi ikampata yeye kichwani, wakambania mahali pale pale, pamoja nao.