Wakiondoka, fundi abaki na mchoro

Wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, si ngeni kwa wabunifu wa kujitolea. Wahandisi wa chama cha Ingenieure ohne Grenzen, kundi la Berlin, Ujerumani, walishirikiana na mashirika ya hapa, MAVUNO la wakulima na CHEMA, kwenye mambo matatu: jiko linalobana matumizi ya kuni, mtambo wa gesi unaotumia samadi na mabaki ya migomba, na choo ambacho taka zake hugeuzwa mboji. Ni kazi ya kujitolea, tena kazi nzuri. Tunawashukuru, na tunalo la kudai: kwao, kwa wengine wanaokuja, na hasa kwa halmashauri zetu mbili.

Tuanze na choo, maana wengi wanakidharau bila kukijua. Mkojo unakwenda upande wake, kinyesi upande wake. Kinyesi kinatiwa kwenye tanuri na kupashwa joto mpaka vimelea vya maradhi vife, ndipo kinachanganywa na mkojo, mabaki ya jikoni na makaa yaliyosagwa. Udongo wetu huku una asili ya volkano, una tindikali, na fosforasi inayoufikia mmea ni kidogo. Mwaka 2016 Ariane Krause na wenzake walichapisha matokeo ya majaribio waliyofanya Karagwe kwa mahindi, maharage, kabichi na vitunguu. Kwenye mahindi, mboji ya choo hicho iliongoza. Kwa mkulima anayeutazama mfuko wa mbolea dukani na kuupita kwa sababu ya bei, hiyo ni habari kubwa, na inasikitisha kwamba inafahamika zaidi vyuoni Ulaya kuliko Nkwenda na Kaisho.

Hapo ndipo penye kasoro. Kitu kinabuniwa, kinajaribiwa, kinaandikwa, halafu kinabaki kuwa mali ya mradi. Mradi ukifunga ofisi, mkulima hajui aende kwa nani.

Chukua mfano wa jiko la kubana kuni, lile linalotumia maranda ya mbao. Unashindilia maranda ndani ya mkebe, unaacha tundu katikati, unawasha. Gesi inayotoka kwenye maranda nayo inaungua, kwa hiyo moshi unapungua sana, na mwishoni unabaki na makaa unayoweza kuyapeleka shambani. Sasa lipikie maharage. Maharage makavu yanataka saa mbili, hata tatu. Mkebe ukiisha kabla hayajaiva, huwezi kusogeza moto kama unavyosogeza kuni kwenye mafiga. Uepue sufuria, umwage makaa, ushindilie upya, uwashe upya, na watoto wamekaa wanasubiri. Mama atafanya hivyo siku mbili. Siku ya tatu atarudi kwenye mafiga yake, na hakuna wa kumlaumu. Dawa yenyewe ni ndogo: mkebe wa pili uliokwisha kushindiliwa, uwe tayari pembeni. Fundi bati yeyote wa Omurushaka anaweza kuukata na kuuziba, mradi awe na vipimo.

Mtambo wa gesi nao una swali lake. Migomba tunayo tele, lakini nani atayakatakata mashina kila asubuhi, na nani atateka maji ya kuchanganyia? Kama jibu ni yule yule anayechota maji, kupika na kulima, basi mbunifu amempunguzia kuni na kumwongezea panga. Swali hili liulizwe kabla ya kuchimba shimo.

Na tukizungumzia kujitolea, tusimsahau mkulima. Mhandisi anatoa likizo yake. Mwanamke wa kijijini anatoa shamba la majaribio, jiko lake, maharage yake na saa zake, pengine msimu mzima. Anayepima na kupika kwa ajili ya mradi alipwe, na fedha hiyo iwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza. Aliyelipwa atausema ukweli; aliyepewa jiko la zawadi mara nyingi husifu tu, kwa adabu.

Tunajua ujuzi unaweza kubaki hapa wageni wakiondoka. Katika miaka ya 1990, kituo cha mafunzo ya umeme wa jua cha KARADEA, hapa hapa Karagwe, kilifundisha mafundi kazi ya kufunga mitambo ya jua wakati wengi nchini hawajaiona. Wageni walikuja kufundisha, ujuzi ukabaki mikononi mwa mafundi. Arusha, Bernard Kiwia na karakana ya Twende wamekwenda mbele zaidi: wanamfundisha mwananchi kubuni na kutengeneza zana yake mwenyewe, kwa ushirikiano na watu wa D-Lab ya chuo cha MIT, Marekani.

Kwa hiyo halmashauri ziweke sharti. Kundi lolote litakaloleta kifaa kipya liache michoro yenye vipimo, kwa Kiswahili, kwenye ofisi ya maendeleo ya jamii, na lifundishe karakana moja Karagwe na moja Kyerwa kabla ya kuondoka. Tangu Kyerwa ijitenge na kuwa wilaya mwaka 2012, miradi mingi bado inaishia Kayanga, makao makuu ya Karagwe. Mtu wa Murongo asilazimike kusafiri mpaka huko kutafuta kipuri cha bati.

Fedha za kuanzia zipo. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ni ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi cha vijana mafundi chenye mchoro wa jiko lililokubalika kinastahili mkopo huo sawa na kikundi cha bodaboda. Serikali imeahidi kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania watakuwa wakitumia nishati safi ya kupikia. Mitungi ya gesi peke yake haitafika kila kilima cha Kyerwa, na hata ikifika, kuijaza tena kunataka fedha ambayo kaya nyingi huipata msimu wa kahawa tu. Madiwani wanapoketi kupitisha bajeti ijayo, watuambie ni karakana ngapi za majiko watazikopesha, na ziko kata gani.