HELA YA KULA IKO MEZANI, MSHAHARA UMEFICHWA



Ndugu yangu Muislamu, ukiona darsa la pesa unategemea Zaka au mirathi. Hayo yana siku yake, in shaa Allah. Leo nazungumzia ile elfu tano unayoiacha mezani asubuhi kabla hujatoka.

Sisi wa Bigwa tunaishi chini ya Uluguru. Alfajiri kina mama wanateremka na ndizi na mboga kichwani, wanaelekea mjini kuuza. Ardhi ipo, mvua ipo. Halafu nyumba yenye uwanja mzima inanunua fungu la matembele kila siku. Matembele, ndugu yangu! Mmea unaokubali hata kwenye kiroba! Shilingi 500 ya kila siku kwa mwaka ni 182,500. Ipigie hesabu mwenyewe.

Najua utaniambia, "Shekhe, sisi tunanunua mafuta ya kupima na mkaa wa kopo kwa sababu hela inaingia kwa siku." Ni kweli, na mimi simlaumu maskini kwa kununua kidogo kidogo. Lakini kupima ndiko kunakomla zaidi, kwa sababu kila kipimo kina faida ya muuzaji ndani yake. Basi usijaribu kubadilisha vyote. Chagua kimoja. Mwezi huu mafuta, nunua dumu dogo badala ya robo. Kile kilichobaki usikile, kiweke kwenye mkaa wa mwezi ujao. Na mpunga ukivunwa bei ikashuka, weka wa akiba, kwa sababu huo huo utaufuata dukani kwa bei ya juu baadaye.

Wapo wanaosema kuweka akiba ni udhaifu wa tawakkul, eti rizki ni ya Allah. Rizki ni ya Allah, hakuna ubishi. Lakini katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kutoka kwa Umar (radhi za Allah ziwe juu yake) kwamba Mtume (SAW) alikuwa akiuza tende za Banu Nadhir na kuwawekea watu wa nyumbani kwake chakula cha mwaka. Nani mwenye tawakkul kumshinda yeye?

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Mniwie radhi wanaume wenzangu.

Nyumba nyingi mke hajui mume anapata kiasi gani. Anachojua ni ile elfu tano. Siku mtoto anaumwa, au mchango wa shule umefika, au LUKU imekata, na mume simu haipokei, mama huyu anakwenda wapi? Anakwenda kwenye mkopo wa kausha damu. Mtaani wenyewe wameupa jina hilo, sikulitunga mimi.

Tazama unavyofanya kazi. Tuseme amepewa 100,000, arudishe 5,000 kila siku kwa siku 26. Hiyo ni 130,000. Lakini tangu kesho yake ameanza kurudisha, kwa hiyo ile laki nzima hakuwa nayo hata wiki moja. Na ile 5,000 ya marejesho inatoka wapi? Kwenye hela ya kula. Watoto wanalala na uji, mume anauliza kwa nini mboga imepungua, mke anadanganya. Mtume (SAW) alikuwa akijikinga kwa Allah na deni, alipoulizwa akaeleza kwamba mwenye deni akizungumza husema uongo na akiahidi huvunja. Siku ya mwisho wanakuja kubeba televisheni na godoro, ndipo mume anajua. Anatoa talaka. Mimi nakuuliza: nani aliyeifungua njia ya ile riba?

Simhalalishii mama huyo. Riba ni riba, na katika Suratul Baqara aya ya 279 Allah ametangaza vita na wasioiacha. Hata kikundi chenu cha mtaani, mkikopeshana 50,000 kwa masharti ya kurudisha 55,000, ni riba, mkiiita "kutunisha mfuko" haibadiliki. Mchezo ni jambo jingine: watu kumi, kila mmoja anatoa 10,000 kwa wiki, kila mmoja kwa zamu yake anapokea laki. Hakuna anayepata zaidi ya alichotoa. Wanazuoni wengi wa zama hizi wameuruhusu. Andikeni majina na zamu tu, maana deni huandikwa, aya ya 282 ya sura hiyo hiyo.

Lakini mume anayeweza kutoa, akaficha, naye ana la kujibu. Hind bint Utba alimshitakia Mtume (SAW) kwamba mumewe Abu Sufyan ni mgumu wa mkono, naye akamruhusu achukue katika mali ya mumewe kinachomtosha yeye na wanawe kwa wema. Zingatia: kinachotosha, tena kwa wema. Siyo ruhusa ya kuchomoa mfukoni hela ya sare ya harusi ya shoga yako. (Hizi sare nazo! Kitambaa cha kuvaa siku moja, na kodi ya nyumba bado inadaiwa.)

Basi leo baada ya Isha, kaa na mkeo. Simu weka pembeni. Mwambie unapata kiasi gani, na kama ni kibarua mwambie wiki nzuri ni ngapi na wiki mbaya ni ngapi. Muulize anadaiwa na nani, na akikutajia usipandishe sauti, kwa sababu ukipandisha, deni la pili hutaambiwa. Andikeni. Mkianza kulipa, anzeni na lile la marejesho ya kila siku. La mwenye duka anayewajua, mwendeeni mumuombe muda kabla hajaja kudai.

Wallaahu a'lam.