UCHAMBUZI: Escort hutengenezwa kando ya njia, Porsche yataka karakana

MAREHEMU Björn Waldegård wa Uswidi aliwaachia wapenzi wa mbio za magari nchini kipimo adimu. Dereva huyo, aliyefariki mwaka wa 2014, alishinda East African Safari Classic Rally mara mbili akielekezwa na mwanawe, Mathias: mwaka wa 2007 kwa Ford Escort na 2011 kwa Porsche 911. Dereva ni yule yule, vumbi ni lile lile; kilichobadilika ni gari.

Kwa kasi, Porsche ni bora. Injini yake ya silinda sita imekaa nyuma, na uzito huo huyakandamiza magurudumu yanayosukuma gari, hivyo hushika ardhi hata penye tope. Hupozwa kwa hewa, basi haina rejeta ya kutobolewa na jiwe wala maji ya kuchemka nyika ya Taru. Escort hubeba injini ya silinda nne mbele, na nyuma ina ekseli nzima iliyofungwa juu ya springi za vyuma bapa, kama pikapu ya kusafirishia kabeji. Penye mashimo hurukaruka, na dereva hana budi kupambana nayo.

Hata hivyo, ikumbukwe kwamba Porsche haikuwahi kushinda Safari ya zamani, iliyoendeshwa usiku na mchana kwa maelfu ya kilomita. Iliambulia nafasi ya pili, kama vile 1974 kupitia Waldegård huyo huyo na 1978 kupitia Mkenya Vic Preston Mdogo. Escort ilitwaa taji 1972 ikiendeshwa na Hannu Mikkola, na 1977 na Waldegård.

Tofauti iko katika matunzo. Springi au difu ya Escort hubadilishwa kando ya njia na fundi yeyote aliyezoea pikapu, mradi awe na jeki na spana. Injini yake yenye valvu 16 ndiyo humtaka mtaalamu. Kwa Porsche, kazi nyingi kubwa hulazimu injini ishushwe nzima, na vipuri huagizwa ng'ambo kwa bei ya kutisha.

Tangu Safari Classic ianze 2003, magari hushindana mchana na kupumzishwa usiku. Mafundi hupata saa kadhaa za kufungua na kufunga, na udhaifu ambao zamani ungeiangusha Porsche hurekebishwa kila jioni, mradi mwenyewe ana pesa.

Hapo ndipo penye wasiwasi wangu. Dereva wa Nakuru anayejichangia mwenyewe hashindwi na Porsche pekee, bali pia na lori la vipuri linaloifuata nyuma. Iwapo waandaaji wanataka kuona Wakenya wengi zaidi kwenye orodha, na waanze kwa kupunguza saa hizo za ukarabati wa usiku.