Chuo hakiombwi kwa divisheni

Matokeo ya Kidato cha Nne yakitoka, kuanzia Bukoba mjini hadi Kamachumu na Nshamba wilayani Muleba, watu huulizana jambo moja: amepata divisheni ngapi? Jibu likiwa ni ya nne, hukumu hutoka papo hapo: huyo chuo hana, atafutiwe bodaboda. Hukumu hiyo si ya kweli, na inawaumiza vijana wetu.

Divisheni ni jumla tu. Baraza la mitihani, NECTA, huchukua masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi, A ikiwa pointi 1 na F pointi 5. Pointi 26 hadi 33 zote ni divisheni ya nne. Mwenye 26 anaweza kuwa na C mbili na D tano, yaani amefaulu yote saba. Mwenye 33 anaweza kuwa na D mbili na F tano. Hawa hawalingani hata kidogo.

Vyuo huangalia masomo. Sifa ya msingi ya kusoma astashahada katika vyuo vilivyo chini ya NACTVET, baraza la elimu na mafunzo ya ufundi, ni ufaulu wa angalau D nne, bila kuhesabu masomo ya dini. Uuguzi, kama unaofundishwa Rubya, hudai fizikia, kemia na baiolojia ziwemo. Basi mwenye divisheni ya tatu aliyeacha fizikia na kemia hawezi kuuomba. Mwenye ya nne aliyepata D katika masomo hayo matatu na jingine moja anaweza. Akifika stashahada na kumaliza kwa GPA ya 3.0, programu nyingi za shahada hupokea maombi yake bila kupitia Kidato cha Tano.

Wapo watakaosema kwamba sifa ya kuomba si nafasi, na kwamba chuo kina ada ilhali Kidato cha Tano na cha Sita katika shule za serikali kilifutiwa ada mwaka 2022. Ni kweli, na kwa familia inayosubiri msimu wa kahawa tofauti hiyo ni nzito. C itabaki bora kuliko D. Lakini ushindani nao huamuliwa kwa alama za masomo yanayodaiwa.

Kosa kubwa hutendeka mapema, Kidato cha Tatu, mwanafunzi anapoacha fizikia na kemia akihofia zitamshusha divisheni. Katika mtaala wa 2005, masomo ya lazima pekee ni saba. Anayefanya tisa huhesabiwa saba bora, kwa hiyo F ya fizikia peke yake haimwongezei pointi hata moja. D yake inaweza kumfungulia chuo.

Mzazi, kabla mwanao hajachagua masomo, muulize anataka kusomea nini, kisha mtafute pamoja masomo ambayo fani hiyo inadai. Mwalimu naye amwambie ukweli huo kabla hajamruhusu kuacha somo.